Nimepangiwa darasa la awali, chumba kilikuwa stoo, watoto 83 wanaingia Januari. Tusaidiane mawazo

Mabua ya Pamba (mwanzisha uzi) – 29 Novemba

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kijijini huku Kishapu, Shinyanga. Miaka sita nimefundisha Hisabati darasa la tano na la sita. Juzi kwenye kikao cha kufunga mwaka mkuu wa shule akasoma mgawanyo wa madarasa, jina langu likaangukia awali. Stafu nzima wakacheka, mmoja chai ikampalia. Mama aliyekuwa akilifundisha amestaafu, na wa kike waliobaki ni wawili tu, wote wana darasa la kwanza na la pili.

Hali ilivyo. Hadi jana rejesta ina majina 83 na uandikishaji unaendelea hadi mwisho wa Desemba. Kiwango tunachoambiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, sasa piga hesabu mwenyewe. Darasa lao la zamani lilitolewa paa na upepo mwezi wa tatu, kwa hiyo tumepewa stoo. Urefu hatua tisa, upana hatua sita. Ndani kuna madawati mabovu, mabunda ya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, mifuko ya chokaa (miwili imeganda, mmoja mzima), na darini kuna popo. Sakafu ya saruji imepasuka kama gaga. Madirisha mawili. Bajeti niliyokabidhiwa ni shilingi 60,000 na maneno "utajiongeza mwalimu".

Siulizi mtaala, huo nitausoma. Nauliza chumba. Mtu akiwa na wiki sita na elfu sitini, aanzie wapi?

---

Kiroba Kitupu – 29 Novemba

Anzia kwa kuomba uhamisho.

---

Ticha wa Mbagala – 29 Novemba

Pole na hongera, kaka. Mimi nipo kituo binafsi cha watoto wadogo hapa Dar. Nenda Kariakoo, au agiza, kuna mabango ya plastiki yamechapishwa tayari: herufi, namba, wanyama, matunda, viungo vya mwili. Funika ukuta wote, usiache nafasi. Mtoto akiingia aseme "waoo". Rangi zinachangamsha ubongo. Halafu tafuta zulia la mapovu lile la kuunganisha vipande.

---

Mzee wa Chaki – 29 Novemba

Kijana, usimsikilize mtu wa zulia la mapovu.

Nimefundisha watoto wadogo tangu enzi hizo wengine hamjazaliwa, Iramba na baadaye Manyoni. Nikupe kazi ya kwanza, na haigharimu hata senti. Chukua ufunguo, ingia kwenye hiyo stoo, kaa chini sakafuni. Kaa kabisa, miguu umeinyoosha. Kisha tazama. Utaona misumari iliyotokeza chini ya madawati, utaona dirisha ni kipande cha mbingu tu, utaona ubao uko mbali kule juu kama tangazo la mnada. Hicho ndicho chumba atakachokiona mtoto wako. Wewe umekuwa ukikitazama ukiwa umesimama.

Ukishakaa robo saa, rudi hapa utuambie umeona nini.

---

mamawawatatu – 29 Novemba

Nipo siti ya mbele kabisa. Mwanangu wa mwisho anaanza awali mwakani, nataka kujua mnatuandalia nini.

---

Mabua ya Pamba – 1 Desemba

Mzee wa Chaki, nimekaa. Nimeona haya:

Misumari minne na kipande cha nondo kinachotoka ukutani, usawa wa jicho la mtoto kabisa. Miaka yote nimekuwa nikiingia mle kuchukua chaki na sijawahi kukiona.

Ufa wa sakafu una vumbi jepesi kama unga wa muhogo. Nilipoinuka suruali yote nyeupe.

Ubao, kama ulivyosema. Ukingo wake wa chini uko kifuani kwangu. Nilimwita mtoto wa jirani yangu, ana miaka mitano, akasimama ukutani nikaweka alama ya macho yake. Ni sentimita 98 kutoka chini. Chati zote nilizokuwa nimeanza kuzichora kichwani nilikuwa nazitundika mita moja na nusu.

Na jambo la nne: harufu ya popo. Ukiwa umesimama unaisikia kidogo. Ukikaa inakukaa kooni.

---

Nesi wa Zahanati – 1 Desemba

Mwalimu, huo ufa wenye vumbi ndio nyumba ya funza. Watoto watakaa chini peku, funza wataingia vidoleni na hata makalioni. Kabla ya bango lolote, ziba huo ufa. Mchanga wa mtoni na saruji kidogo, fundi wa kijijini anamaliza kwa siku moja. Ikiwa hela haitoshi sakafu yote, anza na pale watakapokaa. Na kila siku nyunyiza maji kabla ya kufagia, msifagie vumbi kavu watoto wakiwa ndani.

Popo: usiwapige wala kuwachoma moshi mchana watoto wa shule wakishangilia. Subiri jioni wakitoka kula, ziba matundu wanayopitia. Rudia siku mbili tatu maana wengine watakuwa wamebaki ndani. Vile vinyesi vilivyokauka usivifagie vikavu, lowanisha kwanza, funga kitambaa puani. Vumbi lake si zuri kwa mapafu.

---

Bint Makunduchi – 2 Desemba

Assalamu alaykum. Niongeze kutoka huku Unguja. Mimi ni mwalimu wa skuli ya maandalizi. Shoga yangu wa Mbagala asinune, lakini ukuta uliojaa ni kelele. Mtoto wa miaka mitano ukimtundikia picha arubaini hatazami hata moja. Mimi nilijifunzia kwenye vituo vya madrasa, hivi vilivyoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation kisha vikafika kwetu. Pale tulikuwa hatununui kitu. Kila zana tuliitengeneza kwa mikono yetu: vifuu, makuti, simbi za pwani, ukili, vitambaa vya fundi cherehani. Tulifundishwa kuacha ukuta mmoja mtupu kabisa. Ukuta ule ni wa kazi za watoto. Siku ya mwanzo hauna kitu, na mtoto anauliza, mwalimu, mbona hapa hapana kitu? Unamjibu, panakusubiri wewe.

Wewe huna simbi lakini una pamba, una mabua ya mtama, una udongo wa mfinyanzi. Usiseme huna zana.

---

Ticha wa Mbagala – 2 Desemba

Sijanuna, dada. Lakini mzazi anayelipa ada akikuta ukuta mtupu anamhamisha mtoto. Sisi tuna soko la kuangalia.

---

Mzee wa Chaki – 2 Desemba

Hapo umesema kweli, bango lile ni la mzazi. Basi litundikwe ofisini.

---

Kiroba Kitupu – 2 Desemba

Mzee leo ameamka na chaki mkononi 😂

---

Pwani Mwanana – 3 Desemba

Hujambo mwalimu. Mimi ni wa Kilifi, Kenya, mwalimu wa PP1, yaani awali mwaka wa kwanza. Kwetu nasari ziko chini ya kaunti, lakini shida ni zile zile, darasa moja watoto sitini. Nakupa kimoja kilichoniokoa: alama ya kila mtoto. Hawajui kusoma majina yao, sivyo? Kila mmoja mpe picha yake. Huyu samaki, huyu jembe, huyu kuku. Picha ile ile iko mahali anapokaa, iko kwenye kikombe chake, iko mahali pa kutundika mfuko. Jina liandike chini ya picha. Ikifika mwezi wa tano wengi watakuwa wameshajua kusoma jina bila kufundishwa. Na wewe wiki ya kwanza huhangaiki "hiki kikombe cha nani".

---

Mabua ya Pamba – 3 Desemba

Pwani Mwanana, hii nimeipenda mno. Tatizo picha 83 tofauti sina uwezo wa kuchora, mimi hata ng'ombe wangu anafanana na meza. Ila nimefundisha Hisabati: picha 12 kwa rangi 7 ni 84. Kuku mwekundu, kuku wa bluu, kuku wa kijani na kuendelea. Na rangi inakuwa kundi lenyewe: wekundu wote wanakwenda kunawa, bluu wote wanabaki mkekani. Makundi saba ya watoto 12, mmoja pungufu.

Nafasi moja tu imebaki. Mkuu wa shule asiandikishe mwingine zaidi ya huyo.

---

mamawawatatu – 3 Desemba

Ataandikisha tu.

---

Mabua ya Pamba – 9 Desemba

Mrejesho wa kwanza.

Chumba kimekuwa kitupu. Madawati mabovu nimemwita fundi, akatoa mbao nzima, akatengeneza rafu mbili fupi zinazofika kiunoni kwa mtoto. Nondo imekatwa. Popo tumewazibia matundu siku tatu mfululizo, wa mwisho alikuwa mbishi. Ufa umezibwa nusu ya chumba, ile ya mbele, saruji na fundi vimekula 24,000.

Ule mfuko mzima wa chokaa nimepaka ukutani. Mzee mmoja wa hapa akanifundisha kuiloweka usiku kucha, kuichuja kwa neti ya zamani, na kutia chumvi ya mawe ili isiachie kwenye nguo mtoto akiegemea. Imekubali. Sehemu ya chini, kama mita moja, nimepaka udongo mwekundu uliochanganywa na uji wa muhogo, maana chini ndiko mikono michafu inapopita. Nimefanya mapema ili chokaa ikauke vizuri kabla hawajaingia, ile ikiingia machoni si mchezo.

Ubao nimeuteremsha. Sasa mimi ndiye ninayeinama.

Swali: rangi nyeusi ya ubao wa pili nataka nitengeneze mwenyewe. Kuna mwenzangu ananiambia nivunje betri za tochi nitoe ule unga mweusi, nichanganye na maji ya muhogo. Mmewahi?

---

Mzee wa Chaki – 9 Desemba

Sote tulifanya hivyo zamani, na watoto ndio waliotusaga zile betri kwa mawe. Leo sikushauri. Tumia mkaa uliotwangwa laini na kuchekechwa, uchanganye na uji wa muhogo. Unapauka haraka, unarudia kila muhula. Basi.

---

Nesi wa Zahanati – 9 Desemba

Asante mzee. Unga wa betri si wa kuchezea, hasa kwa mtoto anayeweka kila kidole mdomoni.

Na kwa kuwa tupo hapo, mwalimu, utahesabisha kwa nini? Maana walimu wengi huokota mbegu. Sikiliza: zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kama shanga, ni sumu kali. Mbegu za nyonyo zile zenye madoadoa, vile vile. Zisiingie kwenye hilo darasa hata kwa bahati mbaya. Maharage na mahindi hayana sumu lakini yanaingia puani na masikioni, haragwe likipata unyevu linavimba humo humo. Tunawatoa kila mwaka, wengine inabidi waende hospitali ya wilaya.

Na mwisho kabisa, kwa kuwa upo eneo la pamba: chupa na makopo ya dawa ya kunyunyizia pamba, hata yakioshwa mara kumi, yasiwe kikombe, yasiwe ngoma, yasiwe kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Wazazi wakileta makopo, yakague moja moja.

---

Mabua ya Pamba – 10 Desemba

Nesi, umenistua. Rafuni tayari nilikuwa na makopo mawili ya bluu mazuri, nimeletewa na mwanafunzi wa darasa la saba. Nimeyatoa na kuyafukia shimoni.

Nitatumia vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Nimeongea na wenye maduka mnadani, wananikusanyia.

---

Kiroba Kitupu – 10 Desemba

Hapa nimeacha utani. Sikujua kama kuandaa darasa la chekechea ni kazi ya kutegua mabomu.

---

Ticha wa Mbagala – 12 Desemba

Vizibo vya plastiki ni sahihi, vya soda vya bati vina makali. Halafu nikupe la kwangu lisilo na gharama: usinunue madaftari ya kuandikia kwa muhula wa kwanza. Tafuta sinia pana au ungo wa zamani, tia mchanga mkavu, mtoto anaandika kwa kidole, anatikisa, anaanza upya. Hata sisi wenye zulia la mapovu tunatumia 😊. Mkono wa mtoto wa miaka mitano bado haujakomaa kushika penseli, akizoea kuishika kwa ngumi atakaa nayo hivyo hadi darasa la tatu.

---

mamawawatatu – 12 Desemba

Samahani walimu, niulize kama mzazi. Mchanga, udongo, vizibo… kusoma lini? Mwanangu wa kwanza alisoma kituo binafsi, alimaliza awali anaandika hadi mia na anaimba siku za wiki kwa Kiingereza. Huyu nikimleta serikalini acheze mwaka mzima?

---

Mzee wa Chaki – 13 Desemba

Mama, swali lako ni la haki. Mtaala wa awali wa mwaka 2016 ulikuwa na mambo sita: mtoto aweze kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii, na stadi za awali za kihisabati. Kuandika hadi mia hakumo. Na mwalimu akifuata kitabu, kipindi chenyewe ni dakika 20, kwa sababu zaidi ya hapo unafundisha mgongo wa mtoto, kichwa kimeshatoka nje. Mwanao akihamisha vizibo vitano kutoka kopo hili kwenda lile na akajua bado ni vitano, ameshika kitu ambacho yule wa kuandika hadi mia pengine hajakishika. Muulize mwandika mia: kati ya saba na tisa kubwa ipi? Wengine watakujibu kwa kuimba kuanzia moja.

---

mamawawatatu – 13 Desemba

Nimemuuliza sasa hivi yule mkubwa wangu alivyokuwa. Anasema alikuwa anaimba. Haya, naendelea kusoma uzi.

---

Bint Makunduchi – 14 Desemba

Mwalimu, hujasema kitu juu ya choo. Darasa la watoto wadogo linaanzia chooni.

---

Mabua ya Pamba – 14 Desemba

Hilo nilikuwa naliogopa. Vyoo tunavyo, lakini matundu ni ya watu wazima, na usiku wa mawazo nimekuwa nikiyaona. Mtoto wa jirani yangu nilimpeleka aone, akagoma kuingia.

Kuna shule za jirani zimejengewa madarasa ya awali ya mfano kwa mradi wa serikali wa BOOST, vyoo vya watoto pembeni, bembea, kila kitu. Nilikwenda kutembea moja, nikarudi nikiwa kimya njia nzima. Sisi bado.

---

Nesi wa Zahanati – 14 Desemba

Mtoto anaogopa kutumbukia, na ana sababu. Chagua tundu moja la wavulana na moja la wasichana, yawe ya awali peke yao. Fundi apunguze tundu kwa saruji, mtoto asiweze kutumbukia, na aweke sehemu mbili za kukanyagia zilizo karibu karibu. Mlango usiwe na komeo la ndani ambalo mtoto hawezi kulifungua. Toa kipande cha bati juu ili mwanga uingie, giza ndilo linalowarudisha.

Kibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga. Litundike kiunoni kwa mtoto, wengi hulitundika kiunoni kwa mwalimu. Changarawe chini ili pasiwe tope. Sabuni ifunge kwenye soksi ya zamani na kamba fupi, la sivyo kunguru wataiiba.

---

Kiroba Kitupu – 14 Desemba

Kunguru wanaiba sabuni?

---

Nesi wa Zahanati – 14 Desemba

Weka nje kipande kesho asubuhi kisha uje utuambie.

---

Kiroba Kitupu – 15 Desemba

Imekwenda. Dakika kumi.

---

Mabua ya Pamba – 20 Desemba

Mrejesho wa pili, na hapa nimechoka kidogo.

Elfu sitini imeisha. Fundi wa tundu la choo nimemlipa mfukoni kwangu 10,000. Nilimwomba mkuu wa shule tuitishe wazazi. Akasita, anaogopa neno "michango", tangu elimu bila malipo ianze 2016 mkuu wa shule akisikia neno hilo anatazama dirishani. Nikamwambia kinachokatazwa ni kumlazimisha mzazi achange, au kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hajatoa. Mzazi kuja na jamvi lake kwa hiari, kupitia kamati ya shule, hajakatazwa na mtu. Mwenyekiti wa kamati akaniunga mkono, wakaitwa.

Walikuja 31. Nilisema sitaki hela. Nataka jamvi moja kwa watoto watano, mifuko safi ya salfeti, vitambaa chakavu, na siku moja ya nguvu zao. Baba mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe mwanaume utawaweza hawa?" Watu wakacheka. Bibi mmoja nyuma akamjibu kwa Kisukuma, sikuelewa yote, lakini yule baba alikuwa wa kwanza kuleta jamvi.

Kina mama wameshona wanasesere wanane kwa vitambaa, ndani wamejaza pamba. Salfeti nimezifua, nimezikata, nimeandika irabu kwa rangi iliyobaki ya mlango. Hizi hazichaniki na zikichafuka unafua. Wale wenye kuandika kwenye manila, nawahurumia.

Kona nimeweka nne tu: ya nyumbani (sufuria, kinu kidogo, wanasesere), ya hesabu (vizibo 300, nimevihesabu mara mbili), ya lugha (picha na ile sinia ya mchanga), ya ujenzi (vipande vya mbao vilivyopigwa msasa). Kitabu kinataja nyingi zaidi. Kwa chumba cha hatua tisa kwa sita nikiweka zote, watoto watasimama nje.

Ukuta wa dirishani nimeuacha mtupu, Bint Makunduchi. Mkuu wa shule kapita mara mbili kuuliza lini nitaumalizia.

---

Bint Makunduchi – 20 Desemba

Mwambie umekwisha malizika.

---

Pwani Mwanana – 21 Desemba

Na lugha je? Watoto wako wanakuja na Kiswahili?

---

Mabua ya Pamba – 21 Desemba

Robo tu, nikikisia. Wengi wanakuja na Kisukuma kitupu. Mimi ni mtu wa Kondoa, miaka sita hapa najua salamu na bei za mnadani.

---

Pwani Mwanana – 21 Desemba

Basi hilo nalo ni sehemu ya kuandaa darasa. Jifunze maneno ishirini kabla hawajafika: maji, choo, njaa, naumwa, mama anakuja, njoo, kaa, usilie, nani amekupiga. Mimi nilipopelekwa bara nilimpoteza mtoto mzima kwa kutojua neno la choo. Hakuja tena wiki mbili kwa aibu.

---

Mabua ya Pamba – 22 Desemba

Yule bibi wa kwenye kikao ndiye mwalimu wangu sasa. Asubuhi "mwangaluka", maji "minzi", mengine nayaandika kiganjani. Anacheka matamshi yangu hadi anafuta machozi. Nalipa kwa sukari.

---

Mzee wa Chaki – 28 Desemba

Neno langu la mwisho kabla shule haijafunguliwa. Usiwapokee wote siku moja. Watoto themanini wakilia pamoja, hata wewe utalia. Wekundu na bluu waje Jumatatu, kijani na njano Jumanne, na kuendelea. Wiki ya pili ndipo wakutane wote. Na gundi ya unga wa muhogo usiitumie kubandika chochote, panya wataila pamoja na irabu zako. Funga kamba ukuta hadi ukuta, tundika kwa vibanio vya nguo.

---

Mabua ya Pamba – Januari, Jumamosi ya wiki ya kwanza

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Mkuu wa shule aliandikisha. Wamefika 91. Nikakaa na daftari usiku, nikaongeza picha moja, kobe. 13 mara 7 ni 91 kamili, hakuna nafasi hata ya sindano. Kobe wangu anafanana na chapati lakini watoto wamemkubali.

Kupokea kwa makundi mkuu alikataa mwanzoni ("takwimu za siku ya kwanza zinatakiwa wilayani"), tukaelewana: majina yote nipeleke, miguu ije kwa zamu. Jumatatu niliita 26 na wakaja 26 kamili, sijui niseme nini, hesabu ilinipa moyo. Kumi na mmoja walilia. Watatu walilia kwa sababu yangu, hawajawahi kuwa na mwanaume mgeni karibu hivyo. Niliketi chini pembeni mwa mlango, sikumgusa mtu, nikawa nahamisha vizibo kutoka kopo hili kwenda lile polepole. Baada ya muda mmoja akaja kunisaidia. Kisha wa pili. Yule mkali kuliko wote, kuku wa njano, alikuja Jumanne, akalia hadi uji ulipofika, akanywa vikombe viwili, akaendelea kulia pale alipoishia.

Yaliyokwenda vibaya: kona ya nyumbani ilipiganiwa hadi kinu kikatoka nje. Sakafu ya nyuma ambayo sikuiziba imeshaanza kutoa vumbi, nimewakataza kukaa huko lakini huwezi kumkataza mtoto wa miaka mitano. Rangi ya mkaa imepauka siku ya tatu. Sabuni moja imeibwa ndani ya soksi yake, soksi na vyote.

Kitu ambacho sikukitarajia ni ukuta mtupu. Ijumaa niliwapa karatasi za mitihani ya zamani upande mweupe, wakachora kwa mkaa. Nikatundika. Leo Jumamosi shule imefungwa, nimepita kuchukua daftari, nimekuta watoto wanne na wazazi wawili wamesimama nje ya dirisha wanaonyeshana.

---

mamawawatatu – Januari

Mwalimu wa mwanangu ni mama mtu mzima, nilimkuta Jumatatu amekaa chini. Nilitamani nimuulize kama anasoma huu uzi.

---

Ticha wa Mbagala – Januari

Kaka, nimebandua mabango ukuta mmoja. Mmiliki wa kituo bado hajaona.

---

Mabua ya Pamba – Januari, wiki ya pili

Jambo dogo, wakuu. Nilianza na vizibo 300. Leo nimehesabu, vipo 212. Dirisha limefungwa, mlango una kufuli, darasa la saba wanaapa hawajaingia. Vinakwenda wapi?

---

Mzee wa Chaki – Januari

Mifukoni mwa kaptula, mwalimu. Usiwapekue.

---

Mabua ya Pamba – Januari, kesho yake

Mama yake kuku wa njano amenirudishia 17 asubuhi hii. Vimefuliwa pamoja na kaptula.